Baba amebadilika sana tangu mama afariki. Ni uzee huu au ni ugonjwa? Naomba ushauri

Binti_wa_Mzee (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo yenu, hasa wenye wazazi wazee na mlioko kwenye kada ya afya.

Baba ana miaka 73, yuko Tanga na mdogo wangu wa kiume, mimi niko Dar. Alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu. Mama alifariki mwaka jana. Kwenye msiba alijikaza, arobaini ikapita, watu wakamsifu kwa subira. Miezi hii ya karibuni amekuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa habanduki barazani, bao na taarifa ya habari ndiyo maisha yake. Sasa wenzake wakimfuata anatuagiza tuseme amelala. Anaamka saa tisa usiku na hapati usingizi tena. Chakula anakigusagusa tu, kanzu zimekuwa kubwa mwilini.

Halii wala hasemi ana huzuni. Analalamika tumbo linawaka, mgongo unauma, miguu ina ganzi. Amepimwa malaria, taifodi na mkojo, akapewa dawa kila safari, hakuna mabadiliko. Ana presha na kisukari. Pia ameanza kusahau. Duka la dawa walimpa vidonge vya usingizi.

Kilichonifanya niandike: juzi alimwambia mdogo wangu, "Mimi nimeshakuwa mzigo, Mungu angenichukua tu nipumzike." Shangazi anasema ni uzee. Baba mdogo anasema kuna mkono wa mtu. Nikimtajia daktari wa akili najua atasema yeye si kichaa. Nifanye nini?

Kaka_Mkubwa

Pole sana dada. Kwa ushauri wangu msimchoshe na hospitali. Mzee ni mpweke, mtafutieni mke mtu mzima wa kumliwaza, atarudi barazani mwenyewe.

Nesi_Mstaafu

Kaka, nia yako njema, lakini mtu ambaye hataki hata kula wala kuona wenzake hawezi kuanza ndoa. Akishapona, akitaka mwenyewe, hayo yatazungumzwa.

Mwanangu mleta mada, nimefanya kazi na wagonjwa wa akili kwa muda mrefu. Siwezi kumpima mtu kwa maandishi, ila uliyoyaeleza yanafanana sana na sonona, yaani depression. Kwa wazee wetu sonona mara nyingi haiji na machozi, hasa kwa wanaume waliolelewa kwamba kulia ni aibu. Inakuja kama tumbo, mgongo, uchovu, usingizi unaokatika alfajiri. Ndiyo maana wanazungushwa kwenye malaria na taifodi. Daktari huangalia kama mtu amepoteza furaha au hamu ya mambo aliyoyapenda kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, pamoja na dalili nyingine kama usingizi, hamu ya kula, kujiona hana thamani na kutaka kufa. Uzee unapunguza kasi ya miguu, haumwondolei mtu hamu ya bao na ya kuwaona rafiki zake. Na kufiwa pia ni tofauti: mfiwa huumia kwa mawimbi, siku nyingine anacheka akimkumbuka marehemu. Anayejiona mzigo muda wote, huyo anahitaji tiba.

Sasa hilo neno la kupumzika msilipite. Wewe au mdogo wako mkae naye faragha mumuulize kwa heshima lakini waziwazi: "Baba, umewahi kufikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, wengi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyewauliza. Akisema ndiyo na ameshawaza njia, ni hospitali siku hiyohiyo. Akisema hapana, bado toeni sumu ya panya na dawa za shamba ndani ya nyumba, vidonge vyote akae navyo mdogo wako, na mzee asiachwe peke yake mpaka aonwe.

Vile vidonge vya usingizi, kama ni Valium, havitibu sonona. Kwa umri wake vinaleta kuyumba, kuanguka na kuvunjika nyonga, na vinazidisha kusahau. Lakini kama amevitumia wiki nyingi msivikate ghafla. Nendeni na pakiti yake kwa daktari.

Binti_wa_Mzee

Mama yangu, nashukuru mno. Nimempigia mdogo wangu, sumu ya panya ilikuwepo stoo, ameitoa. Na huku kusahau? Naogopa isije ikawa ndiyo ule ugonjwa wa wazee wa kupoteza kumbukumbu.

Tabibu_wa_Wilaya

Inawezekana, lakini usianze na hofu hiyo. Sonona peke yake inaweza kumfanya mzee asahau, kwa sababu akili haitulii. Mara nyingi mwenye sonona ukimuuliza kitu anajibu "sijui, niacheni" na analalamikia kumbukumbu zake mwenyewe, na familia inaweza kutaja mwezi alioanza kubadilika. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huingia polepole kwa miaka, na mwenyewe huficha au hajui kabisa. Yote mawili yanaweza pia kuwa kwa mtu mmoja, kwa hiyo kumbukumbu hupimwa tena baada ya sonona kutibiwa. Akichanganyikiwa ghafla ndani ya saa au siku chache, hilo ni jambo jingine: tafuteni maambukizi au sukari iliyoshuka, haraka.

Swali: kwa kisukari anatumia metformin? Ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi ya miguu, kusahau na huzuni. Ganzi inaweza kuwa ya kisukari chenyewe, ila ombeni kipimo. Wapime pia wingi wa damu na tezi ya shingo.

Mvita_Moja

Mimi niko Mombasa, yalitukuta na babu. Kwa mwanasaikolojia alikataa kata kata. Tulichofanya, tulimpeleka kliniki yake ya presha ya kila mwezi, na daktari tulishamwambia mapema. Akaulizwa usingizi, akaulizwa chakula, mwishowe akafunguka mwenyewe. Imamu wa mtaa naye alikuwa anampitia kila alasiri waende msikitini pamoja. Hakuwa anamhubiria, alimpa mkono tu wakaenda. Siku za mwanzo babu alikwenda kwa kumwonea haya, baadaye akawa anamsubiri mlangoni.

Mdau_Kimya

Kuhusu mkono wa mtu, usibishane na baba yako mdogo. Mwambie dua iendelee na hospitali iendelee, moja halizuii lingine. Pale Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianzisha mpango wa kuwafundisha bibi wa mitaani kuwasikiliza wenye sonona kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye yale mabenchi walipata nafuu. Bibi wale hutumia lugha ya kwao ya kuwaza kupita kiasi, hawamwambii mtu yeye ni kichaa. Hata kwa baba yako anza na "mawazo yamekuzidi na usingizi hupati."

Hospitali za serikali ulizia dirisha la wazee. Kuanzia miaka 60, asiye na uwezo hutibiwa bila malipo.

Binti_wa_Mzee

Wakuu nimerudi. Nilikwenda Tanga, nikamuuliza baba kama nilivyoelekezwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hajapanga lolote, ila kila akilala anaomba asiamke. Tulikwenda kwa njia ya kliniki ya presha. Daktari alimuuliza maswali mengi, akasema ni sonona, akamwandikia dawa ya sonona iitwayo fluoxetine na kutupa mpango wa kupunguza vidonge vya usingizi kidogo kidogo. Metformin kweli anatumia, majibu ya B12 tunayasubiri. Tatizo ameshaanza kusema dawa haifanyi kazi, na usiku ndiyo hapati usingizi kabisa. Anainywa akienda kulala.

Tabibu_wa_Wilaya

Umefanya vizuri sana. Fluoxetine inaweza kuamsha, anywe asubuhi baada ya chai. Mwambieni mapema kwamba nafuu huanza baada ya wiki kadhaa, kwa wazee inaweza kufika wiki sita hadi nane, na kwamba nyinyi mtaiona kabla yake: atakula zaidi, ataulizia watu. Akijisikia vizuri asiache, huendelea miezi sita au zaidi kwa maelekezo ya daktari. Kama anatumia aspirini ya kulinda moyo au dawa za maumivu ya mgongo, daktari ajue, kwa sababu zikichanganyika hatari ya kutoka damu tumboni huongezeka. Akipata choo cheusi kama lami asisubiri tarehe ya kliniki. Na akianza kuchanganyikiwa au kulegea sana wiki za mwanzo, apimwe chumvi ya damu, hushuka kwa wazee wanaotumia dawa hizi.

Binti_wa_Mzee

Aspirini anatumia. Nampigia daktari kesho asubuhi.