Midundo ya 6/8 kwenye SR-16: kurekodi na kutunza

kinanda_Igoma:
Habari wakuu. Kwaya yetu hapa Igoma ina Alesis SR-16, ile mashine ya midundo ya ngoma. Nataka kurekodi midundo minne ya 6/8 (noti sita za moja ya nane kwa kila baa), lakini ikirudia mzunguko inateleza, haikai na mguu. La pili, umeme wa Mwanza mnaujua. Midundo ikibaki ndani ya mashine tu, iko salama?

fundi_Kirumba:
Mkuu, shida ni hesabu. Urefu wa mdundo unapimwa kwa robo noti. Ukiweka 8, humo mna noti za moja ya nane 16. Baa mbili za 6/8 zinataka 12, baa tatu 18. Lazima mzunguko ukatikie katikati ya baa.

Usihesabu sita. Hesabu mapigo mawili ya mguu kwa baa, kila pigo lina vipande vitatu. Urefu 8 hapo unakuwa baa nne kamili, na metronomu inaangukia kwenye mguu. Kwantaizi (inayonyoosha noti zikae kwenye vipande sawa) iweke 1/12, yaani vipande vitatu kwa pigo, kabla hujagusa pedi za kupigia. Ikibaki 1/16, kila noti inavutwa pembeni wakati wa kurekodi na ladha yote inakufa. Kuibadilisha baadaye hakuzirudishi.

Chagua nafasi ya User, yaani ya mtumiaji (zipo 50; za Preset, zilizokuja na mashine, hazirekodiki). Shikilia RECORD, bonyeza PLAY. Tempo shusha hata 70, utaipandisha baadaye. Anza na kiki (ngoma nzito ya mguu), kisha snea (ngoma kali ya fimbo), kayamba mwishoni, maana kila mzunguko unaongeza juu ya uliopita. Noti mbaya ifute wakati mashine bado inarekodi: shikilia ERASE pamoja na pedi yake noti inapopita. Nyingine haziguswi.

sauti_Nyakato:
Umeme kukatika hakufuti kitu, kumbukumbu inashikiliwa na betri ya ndani ya 3 V. Ikichoka ndipo vyote vinaondoka. Kwa hiyo toa nakala kabla ya kubadilisha betri, si baada.

Unganisha MIDI OUT ya mashine (tundu la kutolea data za muziki) na kompyuta, fungua programu ya kupokea SysEx (data za ndani za mashine yenyewe), kisha iamuru mashine itume kumbukumbu yote. Kwenye waya za USB-MIDI za bei chee, plagi iliyoandikwa IN ndiyo huingia OUT ya mashine. Wengi wanakwama hapo. Waya hizo pia hudondosha data ndefu, kwa hiyo tuma mara mbili ulinganishe ukubwa wa mafaili. Yakitofautiana, usiyaamini. Na kumbuka, kurudisha nakala kunafuta kila kilichomo.

Faili la SysEx linasomwa na SR-16 tu. Mimi ningerekodi pia kila mdundo kama faili la MIDI la kawaida: kwa General MIDI, mpangilio wa pamoja wa vyombo vingi, kiki ni noti 36, snea 38, hai-hati (matoazi pacha) iliyofungwa 42, utaupiga hata kwenye kinanda kingine.

fundi_Kirumba:
Na adapta yake ni 9 V AC. Zilizojaa madukani ni DC. Plagi kuingia si ruhusa. Soma maandishi ya OUTPUT kwenye adapta kwanza.