Kukaguliwa mara mbili airport: ule ukaguzi wa mlangoni ubaki au uondoke?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni, naleta hii tubishane kwa hoja, wenye matusi wapumzike. Mi nasema ule ukaguzi wa mlangoni, yaani ule wa kabla hata hujaingia ndani ya jengo la abiria, uondolewe kwenye viwanja vyetu vikubwa hapa Afrika Mashariki, na hela ya zile mashine pamoja na wale wafanyakazi vihamie kwenye ukaguzi mmoja wa maana kule ndani kabla ya geti.

Kwa asiyesafiri mara kwa mara, mambo yako hivi: unashuka na mizigo yako, mlangoni foleni, unapakia kila kitu kwenye mkanda wa mashine, begi kubwa, begi dogo, simu, saa, mkanda wa suruali, kuna sehemu na viatu vinavuliwa, unapita kwenye fremu inalia, unapapaswa, unavaa huku mwenzako wa nyuma anakusukumia trei. Haya, unaenda chekini unaacha begi kubwa, uhamiaji wanakugongea muhuri, halafu kabla hujakaa kusubiri ndege unarudia yaleyale mwanzo mwisho, mara nyingi kwa mashine ya aina ileile. Sasa kama ya kwanza ilifanya kazi yake, ya pili ya nini? Na kama haikufanya, iko pale inafanya nini?

Najua mtasema usalama. Sawa, tuongelee usalama. Eksirei ya kawaida inampa mkaguzi picha bapa, vitu vimelaliana. Rangi ya chungwa ni vitu kama chakula, karatasi, plastiki, na vilipuzi vingi vinaangukia humohumo kwenye chungwa, bluu ni chuma, kijani ni vya katikati. Ndo maana mnaambiwa toa laptop, inaziba kilichoko chini yake. Na binadamu anayekodolea ile skrini anachoka haraka sana, Ulaya kanuni yao ni kwamba kwa kawaida asizidishe dakika 20 mfululizo kisha apumzishwe. Wewe una wakaguzi wachache wazuri, unawagawa sehemu mbili, hiyo zamu ya dakika 20 utaipanga vipi?

Halafu foleni yenyewe ya mlangoni ni hatari. Istanbul, Juni 2016, uwanja wa Atatürk ulikuwa na ukaguzi wa mlangoni miaka yote, na wale magaidi waliokuja kujilipua walianzia palepale kwenye ukaguzi. Brussels Machi mwaka huohuo walilipua ukumbi wa chekini, uwanja ulipofunguliwa tena wakaweka ukaguzi wa kabla ya kuingia ndani, foleni ikawa balaa, wakaja kulegeza. Umati hujaupunguza, umeusogeza tu mpaka barabarani ambako hakuna hata kamera ya maana.

Mtu wa zamu

Mkuu hoja nzuri ila umechagua mifano inayokupendeza. Domodedovo, Moscow, Januari 2011, mtu kajilipua ukumbi wa wanaofika, watu zaidi ya 30 wakafa, na toka hapo Warusi wakaanza kukagua mlangoni. Kwa nini hukuitaja hiyo?

Pili, nafanya kazi kwenye kiwanja, sitaji kipi. Viko viwanja ambavyo begi kubwa likishapokelewa chekini halina mashine nyingine ya kupita, linapanda toroli linakwenda tumboni mwa ndege. Ile eksirei ya mlangoni unayoiita kero ndo ukaguzi pekee wa hilo begi. Ukiitoa, hilo begi nani atalikagua na wapi? Na vitu vinavyokutwa mlangoni we acha tu: mtungi mdogo wa gesi wa kupikia, panga limefungwa kwenye kanga, bastola ya mtu anayeimiliki kihalali kabisa kaisahau kwenye begi la ofisini. Bora hivyo tuvikute pale kuliko vikapite mpaka ndani.

Wa Nairobi

Nyinyi mnalia ya mlangoni? Sisi JKIA, uwanja wa Nairobi, kwa miaka mingi ilikuwa unashuka kwa gari hata kabla hujafika kwa jengo, unatembea kando unakaguliwa, dere anapitisha gari upande ule mwingine, mnakutana mbele. Na suitcase zimebaki kwa buti! Halafu ukifika mlangoni unakaguliwa tena, na kwa geti tena. Lakini tuseme ukweli, baada ya mashambulio ya kigaidi ya Kikambala 2002 na Westgate 2013 ni mkubwa gani atasimama aseme tupunguze ukaguzi? Siku kitu kikitokea jina lake ndilo litakuwa kwa magazeti. Hapo ndipo tatizo liko, kuongeza mstari wa ukaguzi hakuna anayefutwa kazi, kupunguza kuna.

Bibie wa Amsterdam

Mleta mada umeipita haraka habari ya mashine za ndani, naona unataka CT, zile zinazozunguka begi kama za hospitalini, mkaguzi anaigeuza picha kwenye skrini aone pande zote na laptop inabaki ndani. Nzuri, sipingi. Ila msizifanye dawa ya kila kitu. Schiphol wanazo, na mwaka 2022 foleni ilitoka nje ya jengo hadi kwenye mahema, watu wakakosa ndege, mkuu wa uwanja akajiuzulu Septemba. Mashine zilikuwepo jamani! Watu wa kuziendesha ndo hawakuwepo, wengi waliondoka wakati wa korona na kwa mshahara ule hawakuona sababu ya kurudi.

Waingereza nao Desemba 2022 walitangaza viwanja vikubwa viwe na CT kufikia 1 Juni 2024, siku ikafika Heathrow, Gatwick na Manchester hawajamaliza, maana mashine zile ni nzito, kuna sehemu mpaka sakafu inabidi iimarishwe. Na vile viwanja vilivyowahi kuruhusu chupa kubwa za maji, mwezi huohuo wakarudishwa kwenye mililita 100, sheria iliyotokana na ile njama ya London ya Agosti 2006. Kwa hiyo ukinunua mashine ghali bado sheria inaweza ikakugeuka.

Mama Asali

Mi niseme la wanawake maana hamlioni. Mlangoni wanaume wanapapaswa na kupita, sisi tumesimama tunamsubiri mkaguzi mmoja wa kike anayehudumia mistari miwili, na mwenye baibui au mtoto mgongoni ndo kabisa. Ukaguzi mara mbili kwetu ni kusubiri huyohuyo dada mmoja mara mbili. Mwongeze wa kike kwanza ndo mjadili CT.

Na asali yangu mniachie, maana asali inazichanganya hizi mashine, kule Bakersfield, California, Januari 2010 chupa za asali kwenye begi la mtu zilifanya uwanja mzima usimamishwe.

Mleta mada

Mtu wa zamu, hiyo ya begi kubwa ni hoja nzito na naomba tuitenganishe: kiwanja kidogo chenye mashine moja iache mlangoni, sina ugomvi. Mi naongelea majengo kama Terminal 3 ya Dar, lililofunguliwa 2019 kwa ajili ya abiria milioni 6 kwa mwaka, jengo la ukubwa huo begi linatakiwa likaguliwe kwenye mkanda baada ya chekini, mwenye begi hana haja ya kulibebea foleni. Domodedovo siikatai, ila yule angezuiwa mlangoni angejilipua mlangoni, kwenye foleni. Mlangoni weka mbwa wa kunusa, askari wanaotembea, kamera, na kuita mmojammoja pale wanapoona shaka. Na msiniambie hela hakuna, soma mchanganuo wa tiketi yako uone tozo ngapi zimeandikwa usalama.

Bibie, hapo kwenye mishahara tuko pamoja. Mama Asali pia, tena hao dada wanaokosekana wako hukohuko, wamegawanywa mlangoni na getini, ukiunganisha mistari miwili unapata dada wawili sehemu moja bila kuajiri mtu.

Mtu wa zamu

Unapata wawili kwenye karatasi mkuu. Kwa nilivyoona, ukiunganisha mistari bosi anasema sasa mmoja anatosha, mwingine apelekwe mizigo. Na mbwa anachoka kuliko huyo wa skrini, kwa joto hili ananusa muda mfupi anataka kivuli na maji, ukitaka awepo toka ndege ya alfajiri mpaka ya usiku uwe nao wengi na kila mmoja na mwalimu wake. Waandikie hiyo bajeti tuione, halafu turudi kwenye mlango.