Mkeka wa mechi sita umetiki, kampuni imeufuta siku mbili baadaye. Nina haki gani?

Kipanga77

Wakuu, naombeni ushauri, hasa kwa wenye kujua sheria au waliowahi kufanya kazi ndani ya hizi kampuni za kubeti.

Jumamosi niliweka mtandaoni mkeka wa mechi sita, yaani tiketi moja ya kubeti inayolipa ukipatia zote. Odi, yaani namba ambazo dau huzidishwa nazo ukishinda, zilikuwa 1.60, 1.45, 1.80, 2.10, 1.50 na ya mwisho 17.50. Zikizidishwa zote, jumla ikasoma 230 na ushee. Mkeka ukapokelewa, dau likakatwa, nikapewa namba ya tiketi. Mechi zote sita zikatiki, nilipatia zote. Usiku uleule hela ikaingia kwenye salio, niliiona kwa macho yangu. Sikuitoa, nikasema nitatoa asubuhi, kisha Jumapili nikawa na shughuli za familia.

Jumatatu nafungua akaunti, hela hamna. Nimerudishiwa dau tu. Barua pepe yao ina mistari miwili: mkeka umebatilishwa kwa "kosa la wazi la odi" kwa mujibu wa vigezo na masharti. Huduma kwa wateja nimewapigia mara nne, kila anayepokea ananisomea sentensi ileile.

Hii ni halali kweli? Mkeka ukichanika, yaani nikikosa, mbona wao hawaanzi kukagua odi zao? Sijapata usingizi wa maana tangu Jumatatu.

Mzee wa Kona

Pole sana mkuu. Ila ulipofungua akaunti ulibofya "nakubali masharti". Hapo mchezo umeisha, chukua dau lako usonge mbele.

Bi Sheria

Mzee wa Kona, usimvunje moyo mapema. Kubofya "nakubali" hakumpi mwenye kampuni ruhusa ya kuandika lolote na likasimama. Mkeka ni mkataba: umetoa dau, wamelipokea, wamekupa namba ya tiketi. Anayetaka kuuvunja ndiye mwenye kazi ya kuonyesha kifungu gani kinamruhusu, na kwamba yaliyotokea yanaingia ndani ya kifungu hicho. "Kwa mujibu wa masharti" bila namba ya kifungu si jibu.

Ndugu Kipanga, kabla sijasema zaidi: kampuni hiyo ina leseni, na ni ya nchi gani? Na una picha za skrini?

Kipanga77

Dada asante. Leseni wanayo, namba iko chini kabisa ya tovuti. Picha ninazo za mkeka na za salio la usiku ule. Barua pepe ya kuthibitisha mkeka pia ipo.

DawatiLaOdi

Nimekaa miaka minne kwenye dawati la kupanga odi, acha niseme ninachokijua. Mkuu, jibu kwa ukweli: mechi ya sita, kampuni nyingine zilikuwa zinatoa ngapi kwa timu ileile?

Kipanga77

Nimeangalia baadaye. 1.70 hadi 1.80. Nakiri kwamba niliona ni kubwa, lakini nikadhani wana taarifa za majeruhi ambazo mimi sina.

DawatiLaOdi

Basi hapo nukta imehama. 1.75 imeingizwa 17.50. Hutokea mtu akiandika kwa mkono, na hutokea pia mfumo wa kampuni ukisoma vibaya data inayoletwa na muuzaji wa odi. Makosa mengine ya aina hii ni timu kugeuzwa, mwenye nguvu akapewa odi ya mnyonge, au soko la mubashara, la kubeti mechi ikiendelea, kubaki wazi goli likiwa tayari limeingia. Kampuni karibu zote zina kifungu cha kosa la wazi, na kwa odi mara kumi ya soko zima sitakudanganya: ile 17.50 ni ngumu sana kuitetea. Ungeniletea 2.10 dhidi ya 1.75 ningekwambia pigana hadi mwisho, maana hiyo ni tofauti ya maoni tu, na kampuni haipewi nafasi ya kubadili maoni baada ya filimbi.

Sasa soma hapa vizuri. Kosa liko kwenye mechi MOJA. Masharti mengi niliyoyafanyia kazi yanasema chaguo lenye kosa ama linalipwa kwa odi sahihi, ama linahesabiwa 1.00 na mkeka unaendelea na mechi zilizobaki. Zile tano zako zikizidishwa ni 13.15. Ukiweka na 1.75 ya mechi ya sita unapata 23.02. Wao wamekurudishia dau, yaani 1.00. Hela yako halali iko kati ya 13.15 na 23.02 mara dau, na nadhani wamefuta mkeka mzima kwa sababu mfumo una kitufe kimoja cha kufuta, na hakuna aliyekaa kupiga hesabu upya.

Kipanga77

Mkuu, sikuwahi kuliona hivyo. Nilikuwa nagombania 230 tu.

Mzee wa Kona

Nafuta kauli yangu ya mwanzo. Ila kuna yule mtu wa Marekani, New Jersey, mwaka 2018. FanDuel walimpa odi ya 750 kwa 1 kwenye mechi ya Denver Broncos inakaribia kuisha, dau la dola 110. Walikataa kwanza, wakasema mfumo umekosea, mwishoni wakalipa dola elfu 82 na zaidi. Kwa nini yeye asidai 230 yake?

Bi Sheria

Kwa sababu ile haikuwa hukumu. Kampuni iliamua yenyewe kulipa baada ya kelele za magazeti, na uamuzi wa hiari haumfungi mwingine yeyote.

Kesi yenye uzito zaidi ni ya Uingereza. Januari 2018 mchezaji mmoja alishinda zaidi ya pauni milioni 1.7 kwenye mchezo wa karata wa Betfred. Wakagoma kulipa, wakasema programu ilikuwa na hitilafu. Aprili 2021 Mahakama Kuu ikampa ushindi bila kesi kufika kwenye usikilizwaji kamili. Jaji alisoma vifungu vya kampuni, akaona havikuandikwa kwa namna inayoikinga dhidi ya kilichotokea, havikuwekwa wazi mbele ya mteja, na havikidhi haki inayotakiwa na sheria ya walaji ya 2015. Yule alikuwa anacheza karata, hakuwa na odi ya kulinganisha na soko, kwa hiyo usiibebe kesi nzima ukaitua kwenye 17.50 yako. Ila hoja inayokufaa ni hii: masharti husomwa kama yalivyoandikwa, na yakiwa na utata, utata huo humwangukia aliyeyaandika. Umoja wa Ulaya una kanuni hiyo kwa walaji tangu agizo lake la mwaka 1993.

Jambo moja zito ambalo watu hulisahau. Si kila nchi mahakama inakubali kudai hela ya kamari. Uingereza yenyewe ilikataa tangu sheria ya 1845, mkeka ukabaki deni la heshima tu, mpaka sheria ya 2005 ilipoanza kutumika rasmi kwa hilo Septemba 2007. Kwa hiyo angalia masharti yao yanataja sheria ya nchi gani, na nchi hiyo inasemaje. Kama mlango wa mahakama umefungwa, mlango wa msimamizi wa leseni mara nyingi uko wazi.

Kipanga77

Basi nianzie wapi? Nipige simu tena?

Bi Sheria

Simu acha. Andika. Barua pepe yenye neno "malalamiko rasmi" kwenye kichwa, namba ya tiketi, tarehe, na maswali matatu: ni kifungu namba ngapi, odi sahihi mnadai ni ngapi na mmeipata wapi, na kwa nini mechi tano zisizo na kosa zimefutwa. Pakua masharti leo hii uyahifadhi, na utafute toleo lililokuwepo Jumamosi, kwa sababu hubadilishwa kimyakimya na wewe unafungwa na lile la siku uliyoweka mkeka. Omba pia historia nzima ya akaunti yako.

Wakikataa au wakinyamaza, unakwenda ngazi ya pili. Kwa kampuni zenye leseni ya Uingereza zina wiki 8 za kumaliza lalamiko, kisha mteja anapeleka kwa msuluhishi huru bila malipo. IBAS, mmoja wa wasuluhishi hao wa migogoro ya kubeti, wamekuwa wakifanya kazi hiyo tangu 1998. Malta nao mamlaka yao ina kitengo cha wachezaji. Kwingine ni bodi ya michezo ya kubahatisha moja kwa moja. Mteja wa tovuti isiyo na leseni ndiye ninayemhurumia, hana pa kubisha hodi.

DawatiLaOdi

Naongeza moja. Uliza kama mikeka iliyochanika yenye ile 17.50 ndani yake nayo ilirudishiwa dau. Kosa likiwa kosa, ni kosa kwa wote. Kama walifuta iliyoshinda tu, msimamizi atataka maelezo.

Na tafadhali usikimbilie benki kuomba muamala wa kadi urudishwe. Utafungiwa akaunti na mjadala utahama, utaanza kujitetea wewe. Na atakayekufuata kwenye ujumbe wa siri akisema atakurudishia hela kwa ada ndogo, mpite.

Kipanga77

Nimerudi wakuu. Nimesoma masharti yote, saa mbili nzima. Kifungu kipo, kinasema "chaguo lililoathirika litalipwa kwa odi sahihi". Chaguo. Hawajaandika mkeka popote. Barua nimeituma saa nne asubuhi nikidai 23.02, nimeambatanisha na picha zote.

Swali la mwisho: lile dau walilorudisha bado liko kwenye salio. Nikilitumia, nitakuwa nimekubali uamuzi wao?

Bi Sheria

Kulitumia peke yake si kukubali, lakini usiwape hoja ya bure. Liache lilivyo, na leo uwaandikie mstari mmoja: hulipokei kama malipo ya mwisho, na likatwe kwenye hesabu mtakapomaliza.

Kipanga77

Naandika sasa hivi.