Skrini inang'oka dawa, herufi zinaziba, rangi inatoka ikifuliwa: nianze kurekebisha wapi?

KijanaWaUyole

Wakuu, habari za humu. Niko Uyole, Mbeya, najifunza kuchapa fulana kwa skrini. Kuna oda ya fulana nyeupe za mahafali ya kidato cha nne, zinatakiwa Septemba, kwa hiyo Julai hii bado kuna nafasi ya kunyoosha mambo.

Vifaa: fremu ya paina, sm 40 kwa 50 kwa ndani, wavu wa poliesta 43T (nyuzi 43 kwa kila sentimita), dawa ya skrini ya diazo, ile ya kuchanganya mwenyewe, inayoganda ikipigwa mwanga na kutoka kwa maji pale mchoro ulipoifunika. Mchoro umechapwa kwa printa ya leza kwenye karatasi nyeupe ya kawaida, ukapakwa mafuta ya alizeti. Naichoma dawa, yaani kuipa mwanga, juani dakika 4, kioo cha dirisha kikiwa juu. Rangi ni ya maji: baina (gundi yake) na pigimenti (rangi yenyewe). Nikishachapa naanika juani, kisha napitisha pasi juu juu.

Shida ni tatu. Nikisuuza skrini, dawa inang'oka vipande na upande wa ndani unateleza. Hapo hapo herufi ndogo hazifunguki. Na rangi inafifia ikifuliwa mara ya pili. Kwa shida ya kwanza nimeambiwa niongeze muda wa jua, kwa ya pili nipunguze. Nishike lipi?

FundiWavu_Kihesa

Usishike lolote kwanza. Dawa iliyokosa mwanga huteleza na kung'oka. Iliyozidishiwa huziba herufi. Skrini moja ikileta yote mawili kwa pamoja, usiilaumu saa. Ama dawa haijakauka hadi ndani, ama weusi wa mchoro unapitisha mwanga. Kwa maelezo yako, naona yote mawili yapo.

Tuanze na kukauka. Juni na Julai huku kwetu nyanda za juu, usiku mmoja kwenye chumba cha baridi hautoshi. Juu dawa inaonekana kavu, chini bado ina maji, na diazo yenye maji haigandi sawasawa hata uiache juani mchana kutwa. Weka skrini kwenye boksi kubwa lenye giza, ingiza hewa vuguvugu kwa hita ndogo ya feni, na kipimajoto kisizidi nyuzi 40, kwa sababu joto likizidi dawa itaganda yenyewe kabla ya kuona jua. Ilaze bapa, upande unaogusa fulana ukiangalia chini, juu ya vibao vinne. Ukiiegemeza ukutani dawa inashukia upande mmoja: huku nene, kule nyembamba, na hakuna muda wa kuchoma utakaofaa pande zote. Kujua imekauka, gusa wavu kwa mgongo wa kidole. Ukiusikia baridi kuliko mbao za fremu, maji bado yanatoka.

Upakaji nao: tabaka moja nje, moja ndani, umalizie ndani ili dawa isukumwe kuelekea upande wa fulana. Tumia chombo chenye ukingo ulionyooka, si brashi. Ukipaka nene, jua litagandisha uso wa nje tu na ule wa ndani utabaki ute. Huo ndio mtelezo unaousema. Kama wavu ni mpya, kabla ya yote usugue kwa sabuni ya vyombo na usuuze. Mafuta ya kiwandani yanaizuia dawa kushika.

Sasa mchoro. Uinue uelekee dirishani. Ukiona mwanga kupitia weusi, jua litaona zaidi. Zima kile kipengele cha kubana tona (wino wa unga) kwenye printa, chapa nakala mbili kwenye karatasi ya tresi, ile inayopitisha mwanga, uzipandanishe na kuzibana kwa selotepu. Karatasi ya kawaida hata ikinywa mafuta bado inatawanya mwanga ndani yake, na mwanga uliotawanyika unapenya chini ya kingo za herufi. Mchoro usiugeuze kwenye kompyuta. Uchape ulivyo, kisha upande wenye tona ndio ulale kwenye dawa, nje ya skrini. Ukiutazama kwa juu utausoma kinyume, na ndivyo inavyotakiwa.

Mpangilio juani, kutoka juu: kioo, mchoro, skrini, halafu ndani ya fremu sponji iliyofunikwa kitambaa cheusi, iwe nene kuzidi kina cha fremu ili isukume wavu ubane kwenye mchoro. Bila sponji, kioo kinakaa juu na wavu unabonyea chini, jua linapita katikati. Kioo cha dirisha kinafaa. Cha mbele cha gari achana nacho, kina tabaka la plastiki linalozuia ule mwanga tunaouhitaji.

Muda wa kuchoma ndio wa mwisho. Usiupokee kwa mtu, mimi nikiwemo. Chukua skrini ya majaribio, weka mchoro wenye herufi ndogo zilizorudiwa kwenye vipande sita. Ichome yote sekunde 30, funika kipande cha kwanza kwa kadibodi, ongeza 30, funika cha pili, hadi cha mwisho kifike dakika 3. Suuza. Chagua kipande chenye muda mfupi kuliko vyote ambacho ndani hakitelezi na herufi zimefunguka. Fanya jaribio saa sita mchana anga likiwa jeupe, skrini ikilielekea jua lenyewe. Siku ya mawingu mwanga unatoka kila upande wa anga, kingo hazitakuwa kali hata ukipatia dakika.

Kusuuza: maji ya kawaida, si ya moto. Lowesha pande zote mbili mara moja, subiri dakika moja, kisha nyunyiza kwa upole kutoka nje. Herufi zikishafunguka acha, usiendelee kupiga maji ukitafuta usafi zaidi.

MamaBatiki_Njombe

Hapo kwenye skrini Fundi amemaliza. Mdogo wangu, mimi nijibu la rangi, maana hapo ndipo wateja wanaporudi na maneno.

Pigimenti haishiki uzi yenyewe. Inashikwa na baina, na baina ina kikomo. Kwa kilo 1 ya baina weka gramu 30 hadi 50 za pigimenti. Ukitaka rangi nzito kabisa nenda mpaka 80, usivuke 100. Wengi wakiona rangi imepauka wanamimina tu. Inang'aa siku ya kwanza, halafu ile iliyozidi inatoka na povu. Pima kwa mizani ya jikoni, kijiko kinadanganya.

Pili, kuanika juani ni kukausha tu. Baina inakomaa kwa joto: nyuzi 150 kwa dakika 3 hadi 5, na muda huo unahesabiwa baada ya maji kuisha. Ukibandika pasi juu ya rangi mbichi, joto lote linaishia kufukuza maji na nyuzi hazipandi. Kwa hiyo anika kwanza mpaka ikauke kabisa. Kwa baridi ya Julai iache mpaka kesho yake. Kisha weka pasi kwenye alama ya pamba, bila mvuke, funika mchoro kwa karatasi ya kuokea mikate, na usogeze polepole dakika 4 kwa eneo la A4. Geuza fulana, rudia kwa nyuma dakika 2. Meza isiwe ya chuma wala saruji tupu, inameza joto lote. Tandika blanketi kuukuu.

Fulana mpya zifue kabla ya kuchapa, uzikaushe bila kuweka kilainishi. Huwa zina wanga au dawa za kiwandani, na baina ikishika hizo, zikitoka na rangi inatoka. Kitenge hivyo hivyo.

Kabla ya kuchapa oda nzima, chapa fulana moja, ikae saa 24, ifue kwa maji ya moto na sabuni ya unga huku ukisugua mchoro kwa mchoro. Isipotoka hapo, haitatoka kwa wanafunzi.

KijanaWaUyole

Nashukuru sana Fundi, na wewe mama, shikamoo. Yamebaki mawili. Umeme ukikatika, pasi ya mkaa inafaa? Na shule nyingine imeulizia jezi nyekundu maandishi meupe. Naweza kutumia rangi hii hii?

MamaBatiki_Njombe

Marahaba. Pasi ya mkaa inapata joto la kutosha, ila huwezi kujua ni nyuzi ngapi, na cheche moja tu inakuachia tundu kwenye fulana ya mtu. Kwa fulana yako mwenyewe sawa. Kwa oda subiri umeme urudi.

Chapa_Mwanjelwa

Mkuu, jezi usizikimbilie. Kata uzi kidogo pembeni uuchome: pamba inaungua na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuwa tone gumu. Jezi nyingi ni poliesta. Baina ya kawaida haishiki vizuri humo, na rangi nyekundu ya poliesta ikipata joto inapanda na kuingia kwenye nyeupe. Utakabidhi maandishi meupe Jumatatu, wiki haijaisha yamekuwa ya waridi. Inatakiwa rangi maalumu ya poliesta inayokomaa kwa joto dogo. Halafu nyeupe yako ya maji kwenye kitambaa chekundu haitaonekana hata kama ingekuwa pamba. Ni nyepesi, inapitisha. Kuna nyeupe nzito ya kufunika, unachapa, unakausha, unachapa tena palepale, kwa hiyo fremu lazima iwe na bawaba mezani isihame hata milimita.

Nitofautiane na Fundi kidogo, au niseme niongezee: suala la herufi ndogo halitaisha kwa dawa pekee. 43T ni nzuri kwa maandishi makubwa na nembo. Majina ya wahitimu mgongoni, herufi za mm 4 au 5, tafuta 55T hadi 61T. Kingo zinatoka safi zaidi na rangi haimwagiki kwenye uzi. Ukipanda zaidi ya 77T kwa rangi ya maji ujue matundu yataziba kila baada ya fulana chache.

Pia inua skrini mm 2 hadi 3 juu ya kitambaa kwa vipande vya kadibodi kwenye kona, ili wavu uguse pale mpira wa kuvutia rangi unapopita tu kisha uachie. Skrini iliyolala moja kwa moja juu ya fulana inaacha madoa ikiinuliwa. Mpira huo uwe na ukingo mkali, uzidi mchoro sm 2 kila upande, uuinamishe kiasi cha nyuzi 75 kutoka kwenye wavu, uvute mara moja kwa nguvu sawa.

Septemba baridi itakuwa imeisha ila kutakuwa na upepo mkavu, rangi itakauka ndani ya wavu kabla hujafika fulana ya kumi. Funga madirisha. Baada ya kila fulana inua fremu na kusambaza rangi juu ya wavu bila kukandamiza, ikae imefunikwa na rangi wakati unapanga nyingine. Gliserini gramu 30 kwa kilo ya rangi inasaidia, ikizidi hapo haikauki hata kwenye fulana.

FundiWavu_Kihesa

Kuhusu wavu nakubaliana na Mwanjelwa. 55T ichukue kwa mgongo, 43T ibaki kwa nembo ya kifuani.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Ukiishiwa diazo, utauziwa chenga za rangi ya chungwa zinazopimwa kwenye mfuko wa nailoni, kwa bei ndogo. Hiyo ni baikromati. Inagandisha dawa, kweli, lakini ni sumu: inatoboa ngozi, na vumbi lake linasababisha saratani. Maji yake ya kusuuza hayafai kumwagwa mtaroni. Kwetu hapa Kihesa, Iringa, mitaro inaishia mto Ruaha Mdogo, na kuna watu wanachota huko. Lipia diazo. Ukishaichanganya andika tarehe kwenye kopo, liweke kwenye giza na baridi, na ukivuka mwezi ifanyie tena lile jaribio la vipande sita kabla ya kuiamini na oda.

Na fremu ya paina ipigwe vanishi mara mbili, hasa kwenye maungio. Mbao za Mafinga zikiuzwa mbichi zinajipinda zikishalowa na kukauka mara kadhaa. Ilaze kwenye kioo uone kama kona zote nne zinagusa. Kama kona moja inaning'inia, toa wavu utengeneze nyingine, hiyo hairekebishiki.