Emmett Till hakufa kwa sababu ya mluzi. Wasimulizi acheni kupotosha!

Wakuu, salaam. Jambo hili limenikaa kooni tangu Jumapili, nivumilieni maana uzi utakuwa mrefu.

Kuna simulizi ya sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, inahusu kesi zilizotikisa Marekani. Sehemu moja ni kesi ya Emmett Till, kijana mweusi aliyeuawa na wazungu mwaka 1955. Msimulizi ana sauti nzuri, kaweka na muziki wa huzuni, lakini anachosimulia ni hadithi ile ile ambayo wauaji walitaka isimuliwe. Anaanza na mluzi na anamaliza na mluzi. Kijana katania mke wa mtu kwa mluzi, mume kakasirika, wakafikishana mahakamani, "ushahidi haukutosha", washtakiwa wakaachiwa. Basi. Mwanangu ana miaka 14 na tulikuwa tunasikiliza pamoja mezani. Ilipoisha akaniuliza, "Baba, kwa hiyo dogo alijitakia?"

Swali hilo ndilo limenileta hapa.

Emmett naye alikuwa na miaka 14. Mtoto wa Chicago, kapelekwa likizo jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, mwezi Agosti 1955 kwa ndugu wa mama yake, kijiji kinaitwa Money, mashamba ya pamba kila upande. Akaingia na wenzake dukani kununua pipi. Aliyekuwa anauza ni Carolyn Bryant, mwanamke mzungu wa miaka 21. Binamu yake Emmett, Simeon Wright, aliyekuwepo, alisema miaka yote kwamba mluzi ulipigwa. Sawa, ulipigwa. Siku nne baadaye, usiku wa manane, Roy Bryant, mume wa Carolyn, na kaka yake J. W. Milam wakaenda na bastola, wakamtoa mtoto kitandani. Mwili ulionekana tarehe 31 Agosti katika mto Tallahatchie, feni la chuma la kiwanda cha kuchambulia pamba, zaidi ya kilo 30, limefungwa shingoni kwa seng'enge. Niambieni mluzi unaingia wapi hapo.

Sasa hilo la "ushahidi haukutosha" ndilo linalonichemsha damu zaidi.

Kesi ilisikilizwa mji wa Sumner, Septemba 1955, siku tano tu. Mzee Moses Wright, mume wa dada wa bibi yake Emmett, ndiye mwenye nyumba alimochukuliwa mtoto. Ana miaka 64, mlima pamba, mweusi, Mississippi ya wakati ule. Akaulizwa aliyekuja usiku ule ni nani. Akasimama kwenye kizimba cha mashahidi, akanyoosha mkono, akamwonyesha Milam. Kisha akamwonyesha Bryant. Mbele ya ukumbi uliojaa wazungu! Mtu mweusi kumnyooshea mzungu kidole mahakamani kule ilikuwa ni kuweka roho yako rehani, na baada ya kesi mzee huyo alihama Mississippi, akaacha na pamba yake shambani. Msimulizi wetu hakumtaja hata kwa sekunde moja.

Akaja Willie Reed, kijana wa miaka 18. Alimwona Emmett nyuma ya gari la wazungu alfajiri ile, kisha akasikia kipigo na vilio kutoka kwenye banda. Alimwona Milam akitoka kwenye banda hilo ana bastola kiunoni. Akayasema yote chini ya kiapo. Akaja mama mzazi, Mamie, akasema huyu ni mwanangu. Kidoleni mwa maiti kulikuwa na pete ya baba yake Emmett, herufi L.T., Louis Till. Na washtakiwa wenyewe walishakiri kwa polisi kwamba walimchukua mtoto, ila eti walimwachia akiwa hai.

Upande wa utetezi walikuwa na nini? Sherifu (mkuu wa polisi) wa kaunti, H. C. Strider, huyo huyo aliyekuwa akiwasalimia waandishi weusi kwa tusi kila asubuhi, alipanda kizimbani KUWATETEA washtakiwa. Akasema maiti imeharibika mno, haitambuliki, huenda ilikaa majini muda mrefu zaidi. Yaani mama hamjui mwanawe. Naye Carolyn akasimulia kwamba alishikwa mkono na kiuno. Maelezo hayo aliyatoa juri ikiwa nje, na jaji akaamua juri isiyasikie. Msimulizi wetu kayachukua hayo hayo, katuletea kama ndiyo ukweli wa kesi!

Na hiyo juri ni nani? Ndugu zangu wa Tanzania mnawajua wazee wa baraza, ambao maoni yao jaji anaweza kuyaweka kando. Kule ni tofauti. Wale raia 12 wakisema hana hatia, imekwisha. Na mjumbe wa juri alipaswa kuwa kwenye daftari la wapiga kura. Katika kaunti ya Tallahatchie weusi walikuwa ndio wengi, lakini daftarini hakukuwa na mweusi hata mmoja, kwa sababu kujiandikisha kulikuwa ni kutafuta kifo au kufukuzwa shambani. Wanawake nao Mississippi haikuwaruhusu kuingia juri. Kwa hiyo wanaume wazungu 12, wote wa kaunti hiyo. Mawakili wote watano wa mji ule walikuwa upande mmoja, wa utetezi. Mmoja wao akawaambia wajumbe waziwazi kwamba anaamini kila Mwanglo-Saksoni, yaani mzungu, miongoni mwao ana ujasiri wa kuwaachia watu hawa. Hukumu hiyo ilikuwa imekwisha andikwa kabla shahidi wa kwanza hajaapa.

Walikaa faragha dakika 67. Mjumbe mmoja akasema wasingesimama kunywa soda, wasingechukua muda wote huo.

Soda, jamani.

Miezi kama minne baadaye, Januari 1956, Bryant na Milam wakalieleza gazeti la Look jinsi walivyomuua, wakalipwa dola zipatazo 4,000. Hakuna aliyewagusa, maana ukishaachiwa na juri hushtakiwi tena kwa kosa lile lile. Shtaka la utekaji lilikuwa bado linawezekana, lakini Novemba 1955 juri kuu, ile inayoamua kama mtu ashtakiwe au la, kaunti ya Leflore, ilikataa kuwafungulia mashtaka. Wamekufa wote wawili bila kuhukumiwa kifungo cha hata siku moja kwa damu ile. Hati ya kumkamata Carolyn ya 1955 ilikutwa kwenye chumba cha chini cha mahakama mwaka 2022, na mwaka huo huo juri kuu ikakataa kumshtaki. Amefariki 2023, akiwa na miaka 88.

Mamie aliacha jeneza wazi Chicago ili watu waone walichomfanyia mwanawe. Maelfu kwa maelfu walipita wakaona, gazeti la Jet likachapa picha. Mama alifanya vile ili asitokee mtu wa kuipunguza habari ile iwe kisa cha utani wa dukani, na leo tunasikilizishwa kisa cha utani wa dukani, kwa Kiswahili, na watoto wetu.

Willie Reed alikimbilia Chicago, akabadilisha jina akawa Willie Louis, akafanya kazi hospitalini. Miaka mingi hata mkewe hakujua kwamba yeye ndiye yule shahidi.

Mwenye mawasiliano na huyo msimulizi amfikishie uzi huu. Simulizi aiondoe airekodi upya, na safari hii aanze na Mzee Wright amesimama kizimbani, mkono umenyooka.