Naomba ushauri: bima yakataa kulipa fidia ya kifo, leseni ya dereva ilikuwa imeisha

Habari wakuu. Kesi iko Kenya. Fundi wa kuchomelea vyuma, miaka 34, aligongwa na lori akafariki. Ameacha mke, watoto wawili na mama anayemtegemea. Abstrakti ya polisi (muhtasari wao wa ajali), cheti cha kifo, ripoti ya uchunguzi wa maiti na rekodi ya NTSA (mamlaka ya usafiri inayosajili magari) inayomtaja mwenye lori vyote vipo. Hati ya usimamizi yenye mipaka, ya kufungulia kesi tu, imetoka.

Kampuni ya bima imeandika kwamba haitalipa kwa sababu leseni ya dereva ilikuwa imeisha. Ninavyoisoma Sura 405 (sheria ya bima ya magari kwa madhara ya watu wengine), kifungu cha 10, huo ni ugomvi wao na mteja wao: hukumu ikitoka lazima walipe, mwisho shilingi milioni 3 kwa mtu, mradi walipewa ilani kabla ya kesi au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Ilani tumepeleka kwa mkono, nakala imegongwa muhuri wao.

Maswali yangu:

Wakienda mahakamani ndani ya miezi mitatu kuomba tamko la kujiondoa, yaani kwamba bima hiyo haiwabani kulipa, familia iombe kuunganishwa humo, au ingoje hukumu yake?

Marehemu hakuwa na hati ya mshahara. Kuna taarifa za M-Pesa na daftari la kazi. Je, mahakimu huzikubali kuthibitisha kipato, au hurudi kwenye kima cha chini cha mshahara? Tofauti ni kubwa, maana kwa kawaida theluthi mbili ya kipato ndiyo huzidishwa kwa miaka ambayo angeendelea kufanya kazi.