Meza ya Congo imehamia Doha na Washington: tulinyang'anywa au tuliiachia wenyewe?

Mvuvi wa Ujiji

Wakuu habari zenu. Naomba tujibizane kwa hoja sio matusi, maana mada ya Congo ikiguswa tu, maoni matano mbele watu washaanza kuulizana makabila.

Swali langu ni hili. Usuluhishi wa mashariki mwa Congo ulikuwa kwetu, Nairobi alikuwepo mzee Uhuru Kenyatta, Luanda alikuwepo Rais Lourenço wa Angola. Mbona leo ukitaka kujua Goma inaelekea wapi unafuatilia Doha na Washington? Wengi wanasema wakubwa wametupora. Mimi nasema tuliiachia wenyewe, na nitasema kwanini.

Anzeni na 2022. Congo imekaribishwa EAC mwezi wa tatu, mwezi wa nne Nairobi wakaanza kukaa na vikundi vya waasi, mwezi wa kumi na moja jeshi la EAC likaingia Goma na watu wakapiga vigelegele. Kumbe kila mtu ana picha yake kichwani. Kinshasa walijua wameletewa jeshi la kupigana, sisi tukawa tumepeleka jeshi la kusimama katikati. Februari 2023 pale Bujumbura Tshisekedi alimvaa kamanda wa jeshi hilo, Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, kamera zinawaka, video ikazunguka kila simu. Aprili kamanda kaondoka, Desemba jeshi zima likafungasha virago. Na mwezi huo huo SADC, jumuiya ya nchi za kusini, nao wakaingia kwa mlango ule ule tuliotokea! Tanzania iko EAC na iko SADC, Congo vilevile, yaani mgonjwa mmoja tumemfungulia mafaili mawili na kila daktari anamwandikia dawa bila kumuuliza mwenzie. Wazee walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Luanda nako Kagame na Tshisekedi walikuwa wakutane 15 Desemba 2024, kikao kikafa kabla hata viti havijakaliwa. Rwanda inataka Kinshasa ikubali kwanza kuongea na M23, waasi ambao Umoja wa Mataifa unasema Rwanda inawasaidia, Kinshasa inasema hatuongei na magaidi. Wiki sita tu, Goma ikaanguka mikononi mwa M23.

Sasa njooni Dar, 8 Februari 2025, marais wa EAC na SADC kwa pamoja kwa mara ya kwanza. Kagame kaja mwenyewe, Tshisekedi yuko kwenye video. Wakaagiza mapigano yasimame mara moja, wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku 5, airport ya Goma ifunguliwe. Wiki moja baadae M23 wanatembea Bukavu! Nani aliadhibiwa? Hata kunyimwa chai ya kikao kinachofuata hakuna aliyenyimwa. Meza ambayo maagizo yake yanavunjwa ndani ya siku saba na wenye meza wapo kimya, ikichukuliwa na mwingine utamlaumu aliyechukua?

Jirani254

Mkuu unatuonea kidogo. Uhuru angefanya nini bana, hakuwa na jeshi wala hakuwa na pesa, alikuwa na simu na heshima yake tu. Na hujataja kitu muhimu, kwenye kikao cha Nairobi Aprili 2022 ni Kinshasa wenyewe ndio waliwatoa M23 nje wakisema wamerudi kupigana. Sawa. Miaka mitatu imepita wanakaa na hao hao M23 Doha, kwenye hoteli ya nyota tano, na wanapeana mikono. Sasa mnataka Mkenya alaumiwe juu ya nini? Kama wangekubali kuongea nao pale Nairobi wakati walikuwa wanashikilia vijiji vya Rutshuru tu, si ingekuwa rahisi kuliko leo wakiwa na Goma na Bukavu?

Ingawa nakubali ile ya Nangaa, mwanasiasa wa Congo aliyeungana na M23, ilituchafua. Mtu anazindua muungano wake wa kupindua serikali ya jirani ndani ya hoteli Nairobi, Desemba 2023, halafu sisi tunasema ni uhuru wa kuongea. Kinshasa wakamrudisha balozi wao nyumbani. Baada ya hapo nani angetuamini kuwa tuko katikati.

Bwana Hesabu

Mie naona mnazunguka. Siasa za kusuluhisha vita ni nguvu, sio nia njema. Qatar ana pesa na pande zote zinampigia simu, Mmarekani ana vikwazo. Februari 2025 Marekani ilimwekea vikwazo James Kabarebe, waziri kabisa wa Rwanda. Mwezi uliofuata Ulaya nao wakawawekea viongozi wa M23 na makamanda wa jeshi la Rwanda, na siku hiyo hiyo M23 wakagoma kwenda Luanda kwenye kikao cha kesho yake. Na kesho yake hiyo, 18 Machi, dunia inaona picha ya Kagame na Tshisekedi wamekaa na Amiri wa Qatar! Hata Lourenço nasikia naye aliiona kama sisi, na siku chache baadae Angola ikajitoa kwenye usuluhishi. Nyie EAC mna nini cha kumnyima mtu? Mtamzuia asipitishe mzigo bandari ya Dar? Thubutu, na biashara je.

Mtoto wa Kivu

Mi niko Goma. Munabishana juu ya meza, sisi huku tuko tunahesabu siku. Tangu mwezi wa kwanza 2025 banki zilifunga, feza inatumwa kwa telefone na ukitaka kuitosha wanakukata, na mwenye kukukata naye analia juu feza yenyewe kuipata ni kazi. Ndege hakuna. Batu ba makambi ya Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, walikuwa wanalala mu mahema miaka na miaka, mwezi wa pili wakapewa saa 72, mutoke murudi kwenu. Kwenu wapi? Ya Masisi nyumba iliungua, na shamba iko na mutu mwengine anavuna. Sasa unaniambia Doha, unaniambia Washington, unaniambia Dar, mi nakuuliza njo gani kati ya hizo iliuliza ule mama anarudi wapi?

Shangazi Asiyechoka

Mtoto wa Kivu pole sana mwanangu. Na hapo ndo nami naingia. Wale wa Washington hawakuficha hata, Trump mwenyewe mwezi wa sita alisema Marekani itapata haki za madini mengi kutoka Congo. Jamani migodi ya Rubaya kule Masisi peke yake inatoa kama asilimia 15 ya coltan, madini ya kutengenezea simu, ya dunia nzima, na M23 wanaishika tangu Aprili 2024. Vita vya panzi furaha ya kunguru. Unadhani mtu aliyekuja kutafuta coltan atasubiri mpaka mama wa Masisi arudishiwe shamba? Atasubiri mpaka barabara ya mgodi iwe salama, basi.

Bwana Hesabu

Shangazi, hata akija kwa coltan, akisimamisha risasi mimi nampokea.

Shangazi Asiyechoka

Amezisimamisha? Haya tuhesabu basi, si ndo jina lako. Mawaziri wa mambo ya nje wa Congo na Rwanda wamesaini Washington 27 Juni 2025. Julai 19 Kinshasa na M23 wamesaini karatasi ya misingi kule Doha. Siku hizo hizo, kuanzia tarehe 9 hadi 21 Julai, Umoja wa Mataifa unasema raia 319 waliuawa kwenye vijiji vinne vya Rutshuru, wengi wakulima waliolala kwenye mashamba yao msimu wa kulima. M23 wakakana. Desemba 4 marais wenyewe wakasaini mbele ya Trump, makofi, picha. Wiki haijaisha, M23 wameingia Uvira, na watu kwa makumi ya maelfu wanavuka kwenda Burundi wana magodoro kichwani. Nitajie risasi iliyosimama.

Mnyamulenge wa Eastleigh

Nimesoma yote nikiwa kimya. Mimi wazazi wangu ni wa Minembwe, Kivu Kusini, sisi Wanyamulenge ni Watutsi wa Congo, nimekulia Nairobi, na kila mjadala kama huu nasubiri mtu aseme jambo moja na hasemi.

Mnazungumza M23, Rwanda, madini. Sawa, na simtetei M23, wamewafanya watu watuchukie zaidi, ukweli usemwe. Lakini kwanini kila baada ya miaka kadhaa kunapatikana vijana wa kujiunga? Sheria ya 1981 ilitufuta uraia tukiwa tumezaliwa pale na baba zetu wamezaliwa pale, ya 2004 ikaturudishia kwenye karatasi. Mwaka huo huo wa 2004, Agosti 13, ndugu zetu zaidi ya 150 walichinjwa na kuchomwa ndani ya kambi ya wakimbizi Gatumba, ng'ambo ya mpaka, Burundi, sehemu walikokimbilia ili wawe salama. Nani alifungwa? Leo kijana mwenye pua ndefu akipita Uvira anaulizwa kwenu wapi. Makubaliano ya Washington yanaongelea FDLR, waasi wa Kihutu wanaoipinga Rwanda, wamalizwe na Rwanda iondoe majeshi yake. Vizuri. Hakuna mstari unaosema huyo anayeuliza "kwenu wapi" aulizwe yeye.

Mtoto wa Kivu

Ndugu, vile unasema ni kweli, mi pia nilisoma na wana wenu na hawakuwa na shida na mutu. Lakini ujue na huku kuna mama Muhunde, kuna mama Muhutu, kuna Munande, nao walizika. Saa ile bunduki inaingia mu muji haiulize.

Mnyamulenge wa Eastleigh

Najua. Ndio maana nimeandika kwa adabu.

Mzee wa Kipara

Nyie watoto mmesahau 2013? JWTZ tuliwapiga M23 wakakimbia, tukapoteza na wanajeshi wetu 14 Semuliki. Dawa ni ile ile, rudisheni jeshi, mambo ya mahoteli muache.

Mvuvi wa Ujiji

Mzee shikamoo, lakini Semuliki ilikuwa Desemba 2017, kule Beni, na waliotuua ni ADF, waasi wenye asili ya Uganda, sio M23, tusichanganye marehemu wetu. Hiyo 2013 ndo nilikuwa nataka kuifikia, maana watu wanaikumbuka nusu.

Novemba 2012 M23 wanachukua Goma. Kilichofuata hakikuwa jeshi peke yake. Wafadhili walishaanza kuzuia misaada ya Rwanda, Obama akampigia simu Kagame, Februari 2013 nchi 11 zikasaini Addis Ababa, Machi Baraza la Usalama likapitisha brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake wa kwanza Mtanzania, Mwakibolwa. Ukiangalia hapo simu, hela na bunduki vilikuja mwaka mmoja, vinaelekea upande mmoja. Novemba 2013 M23 wakaisha. Mzee unakumbuka bunduki kwa sababu ndo iliyolia.

Halafu kilichoturudisha hapa ni Desemba 2013. Nairobi wakasaini kwamba wapiganaji wa kawaida wapewe msamaha, wanyang'anywe silaha, wakimbizi warudi. Wapiganaji wakawekwa makambini Uganda na Rwanda, na mambo yakaishia kupigwa danadana mwaka baada ya mwaka mpaka Novemba 2021 wakarudi msituni. Na walikuwa na cha kusema: mlituahidi.

Kwahiyo Jirani254 nakupa pointi kwenye ile ya Kinshasa kuwatoa M23 nje, sikuitaja na nilikosea. Bwana Hesabu nakupa ya nguvu. Ila msiniambie EAC haina kitu cha kumnyima mtu. Kinachokosekana ni ujasiri, maana kila rais pale ana lake Congo: huyu ana wanajeshi Ituri, huyu alipeleka wanajeshi Uvira, huyu ana dhahabu inapita kwake, huyu ana bandari anaogopa mizigo ihame. Wanajeshi wa SADC wenyewe walivyoshindwa, Afrika Kusini ikiwa imezika 14, walitolewa Goma kwa barabara wakapitishwa Rwanda hadi Chato kwetu, yaani wanaomba njia kwa nchi ambayo Baraza la Usalama, Februari 2025, kura zote, liliiambia itoe majeshi yake. Mimi nilikuwa naangalia ile video ya malori nikasema hapa hakuna tena meza ya mtu.

Jirani254

Hiyo ya Chato iliuma hata sisi tusio na askari pale.

Bwana Hesabu

Sawa nimewaelewa, ila swali la mada bado. Ukipewa leo uamue, unairudisha Nairobi au unaiacha Doha?

Mvuvi wa Ujiji

Naiacha Doha. Nimeandika aya zote zile na jibu langu ndo hilo, nichekeni. Pale angalau Kinshasa na M23 wanatazamana, wana makubaliano ya kubadilishana wafungwa na ya kukagua usitishaji mapigano. Ila EAC ibaki na kazi ambayo Qatar haiwezi: kurudisha watu. Huku Kigoma kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo hawa hawa wa Kivu. Kuna mtu kazaliwa pale, kaoa pale, watoto wake wanasoma pale, na ukimuuliza kijiji cha baba yake anakutajia na jina la mto. Huyo ardhi yake itasemewa na nani, Amiri?

Mtoto wa Kivu, wewe ndo uko huko. Kama wangekusikiliza siku moja tu, ungeomba kipi kianze, airport, mashamba au majeshi kuondoka?

Mtoto wa Kivu

Banki.

Unacheka? Mi najua majeshi hayatatoka kesho. Lakini mutoto wangu anafanya examen ya serikali mwaka huu na minerval, ile ada ya masomo, iko mu telefone, na haitoke.